Matanga Yasiyowekwa Um Sidra

Je, wewe unaweza kumkazia macho dada wa marehemu ukamwambia kwamba kaka yake hakuuawa?

Muzammil aliweza. Tena hakusema kwa hasira wala kwa kelele. Aliandika kwa Kiarabu safi cha ofisini, chenye vichwa vya habari na tanbihi chini ya kila ukurasa, karatasi zikapigwa chapa na kubanwa pini. Siku aliyoandika hivyo alirudi nyumbani akala akashiba, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza hali ya nchi. Mtu anakimbia kwao, anafika Kairo, anasema serikali inamwinda kwa ajili ya siasa. Nani ajue kama anasema kweli? Hapo ndipo anapohitajika mtu kama Muzammil. Anasoma magazeti, ripoti za watetezi wa haki, ramani, na maneno ya watu mitandaoni. Kisha anaandika kurasa chache: katika mji fulani, mwezi fulani, mambo haya yalitokea na haya hayakutokea. Wakili anazisoma kurasa hizo, anaamua kama kesi ina mashiko au haina.

Wakili wake aliitwa Bi. Mervat, Mmisri wa makamo aliyevuta sigara dirishani na kuwatetea wakimbizi bila kuwatoza chochote. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu mtaa wa Dokki, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Watu waliopanda ngazi zile kila asubuhi walikuwa wengi kuliko kesi ambazo ofisi iliweza kuzibeba. Kwa hiyo ilibidi kuchagua, na kurasa za Muzammil ndizo zilizochagua.

Mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Khartoum alikamatwa kwenye maandamano, akapigwa mpaka sikio la kushoto likapoteza nusu ya kusikia. Alikuja Kairo, akahojiwa, akaaminiwa. Tangu hapo aliichukua kazi ile kama ibada. Aliamini kwamba mwongo mmoja akipenya, wakweli wanaomfuata watafungiwa mlango. Kwa hiyo aliwawinda waongo. Kuna mtu aliyedai ni mzaliwa wa Kassala asijue mlima uko upande gani wa mji. Muzammil alimtoa jasho kwa maswali mpaka yule bwana akakiri kwamba Kassala aliipita tu ndani ya lori. Ofisini walimwita Ramani, naye jina alilipenda.

Mwalimu Sulafa Abdelgadir alipanda ngazi zile wakati wa baridi, amevaa koti la kiume juu ya thobu yake, lile vazi la kujitanda la wanawake wa Kisudani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Um Sidra, mji wa karakana za reli kaskazini mwa Khartoum. Ombi lake la kwanza la hifadhi lilikuwa limekataliwa kwa maneno machache: hakuna taarifa yoyote inayounga mkono maelezo ya mwombaji. Alikuwa na muda mpaka mwisho wa mwezi kukata rufaa. Bila rufaa kadi yake ya mkimbizi isingekuwa na maana, na askari yeyote barabarani angeweza kumweka kwenye basi la kurudi mpakani. Ng'ambo ya mpaka walikuwapo watu waliokuwa wakimsubiri.

Alisimulia bila kulia. Kaka yake Wagdi, fundi wa reli, alipigwa risasi kwenye mgomo wa karakana. Watu wa usalama wakaileta maiti nyumbani kwa masharti: mzee Abdelgadir akubali kwamba ni ajali, wazike kabla jua halijatoka, na asionekane mtu kukaa matanga. Mzee akakubali, kwa sababu walimwambia ana watoto wengine. Sulafa hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wanawake waje kumlilia kaka yake. Watu wa usalama wakamfuata shuleni, wakamtoa darasani mbele ya watoto, na alipoachiwa nywele zake zilikuwa zimenyolewa na amri ni kuripoti kila wiki.

"Matanga mliweka wapi?" Muzammil aliuliza.

"Nimeshakwambia, Ustadh. Hatukuweka."

"Hata siku moja?"

"Matanga yasiyowekwa yana siku ngapi?"

Muzammil aliandika jibu hilo, akalipigia mstari. Moyoni alikwisha kumtilia shaka, na shaka yenyewe ilitoka mbali. Kwani yeye pia alikuwa wa Um Sidra, kutoka nyumba za karibu na tangi la maji, upande wa pili wa reli. Hakumwambia, kwa maana sheria ya ofisi ilikataza mchunguzi kujitaja ni wa wapi. Lakini alijua kifo kinavyokuwa kwao. Mtu akifa Um Sidra, turubai linafunga barabara nzima. Wanaume wanakaa nje kwenye viti vya kukodi, wanawake wanajaa ndani kwenye mikeka, birika haishuki jikoni, na malori yanaleta watu kutoka vijijini. Asiyekuja ataulizwa miaka na miaka kwa nini hakuja. Aonyeshwe familia ya Um Sidra iliyopotelewa na kijana mzima isitandike hata mkeka? Kwa akili yake hiyo haikuwezekana, kama vile haiwezekani Nile kupita mjini na watu wasiione.

Akasema "pole" ya ofisini, akafunga kalamu, akamwahidi majibu.

Alitafuta. Magazeti ya Khartoum hayakuandika kitu. Ripoti za watetezi wa haki zilitaja mgomo kwa sentensi moja bila kutaja kifo. Mitandaoni palikuwa kimya, lakini mwezi ule mtandao wote wa jimbo ulikuwa umezimwa. Mchunguzi mwingine angeishia hapo na kuandika kwamba haijulikani. Muzammil alikuwa na njia yake, njia aliyojivunia kuliko zote: kupiga simu kwao.

Akampigia mama yake, Hajja Saadiya. Bi. Mervat alikuwa akipita na kikombe chake cha kahawa, akamsikia akianza: hujambo, u mzima, afya yako, viungo vyako, majirani, mbuzi, hewa. Alipozunguka ofisi nzima na kurudi, bado wako kwenye majirani.

"Nyie Wasudani," alisema, "mkimaliza kusalimiana salio limekwisha na habari haijaanza."

Muzammil alicheka, akafunika simu kwa kiganja. Kisha akauliza taratibu kama kuna jambo lolote lililotokea ng'ambo ya reli wakati wa mgomo. Kifo, labda. Mtu wa nyumba ya Abdelgadir.

Kwenye simu pakawa kimya kidogo. Alidhani ni mtandao.

"Hakuna kitu, mwanangu," mama yake akasema. "Mji umetulia. Hata mbwa hawabweki. Wewe unakula lakini? Maana sauti yako imekonda."

"Nakula, mama. Basi hakuna matanga huko?"

"Matanga ya nini tena? Watu wote wazima, Alhamdulillah. Vaa sweta."

Akaandika. Aliandika kwamba hakuna chombo chochote kilichoripoti kifo, kwamba mila ya mji ule hairuhusu kifo cha namna hiyo kupita bila matanga ya hadhara, na kwamba chanzo cha kuaminika kilichopo mjini kimethibitisha kuwa hakukuwa na kifo wala matanga. Bi. Mervat aliposoma alikigonga kile kifungu kwa kidole.

"Chanzo gani hiki?"

"Mtu ninayemwamini kuliko mtu yeyote duniani," akasema, na hilo lilikuwa kweli.

Bi. Mervat alikuwa na mafaili yaliyomfika kidevuni. Akalifunga lile la Sulafa.

Walimwita wakamwambia. Muzammil ndiye aliyemfafanulia, kwa sauti ya upole, kwamba ofisi haitaweza kubeba rufaa yake. Sulafa alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: huyo mtu wao wa Um Sidra walimwuliza ana kwa ana? Muzammil akajibu kwamba waliongea naye kwa simu. Mwalimu akamtazama kama anavyotazamwa mtoto mkubwa aliyekosea hesabu ndogo.

"Wewe ni Msudani kweli, Ustadh? Au umezaliwa hapahapa Kairo?"

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi.

Neno lile lilimkera Muzammil. Alilisema na kulirudia kwa wenzake kama mfano wa jeuri ya watu wanaokamatwa uongo wao. Lakini kila aliporudia lilizidi kumchoma, wala hakujua kwa nini.

Mwezi ulikuwa ukielekea ukingoni mama yake mdogo alipofika kutoka Um Sidra. Ikhlas alikuja kama wanavyokuja wengi, kutibiwa macho Kairo, na mzigo wake ulikuwa chakula: bamia kavu ya unga, nyama iliyoanikwa, viungo ndani ya soksi. Ijumaa baada ya swala alimpikia Muzammil kisra, mikate myembamba ya mtama, na mchuzi wa bamia ile. Hakumruhusu kuuliza habari. Kila alipofungua mdomo kuuliza watu wa nyumbani, aliambiwa ale kwanza. Akala. Akanawa. Mama mdogo akamimina chai, akakiweka kikombe mbali naye.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Haya. Kaa vizuri, inua mikono."

Hapo Muzammil akaelewa kwamba ameletewa misiba. Akainua viganja mbele ya kifua. Mama mdogo akamtaja babu Ferah, binamu wa bibi yake, aliyefariki wakati wa joto. Wakasoma Fatiha, wakajipangusa nyuso. Akamtaja jirani wa nyuma ya ukuta, aliyefia uzazini. Wakasoma. Alikuwa amebeba vifo vya mwaka mzima kifuani mwake, kutoka Um Sidra mpaka Kairo, na sasa alikuwa akivitua kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama mtu aliyeagizwa vitu na anaogopa kusahau.

"Na Wagdi wa Abdelgadir, fundi wa reli, wa ng'ambo. Huyu walimpiga risasi."

Mikono ya Muzammil ilibaki juu. Fatiha haikutoka.

"Soma, mwanangu."

Kwao mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Hata kama ni cha mama yake. Anaambiwa kila mtu mzima, ale vizuri, avae sweta. Kisha anasubiriwa msafiri, mtu mzima mwenye heshima, aende amlishe, ndipo amwambie huku anamshika bega, asije akazimia peke yake ugenini. Muzammil alilijua hili tangu utotoni. Baba wa kijana aliyekaa naye chumba kimoja alipofariki, yeye Muzammil ndiye aliyeficha habari ile siku zote mpaka alipopatikana mzee wa kumwambia, na alimdanganya rafiki yake kwa sura iliyotulia kabisa. Alijua. Halafu akakaa nyuma ya meza, akajiona mchunguzi, akampigia mama yake simu kumwuliza nani amekufa. Na alichoambiwa akakiandika kwamba ni ushahidi.

Ikhlas aliendelea kusimulia, hakujua anachokifanya kwa mtoto wa dada yake. Alieleza kwamba watu wa usalama waliegesha gari mbele ya nyumba ya Abdelgadir ili pasitandikwe hata mkeka. Wanawake wakawa wanakwenda wawili wawili na chupa za chai na uji wa mzazi, wakisema kuna binti amejifungua mle ndani. Wanaingia, wanakaa ukutani, wanalia kwa kujiziba mdomo na ncha ya thobu, wanatoka wakitabasamu.

"Mama yako alikwenda na chupa yake kubwa ile," akasema. "Ulipopiga ukaanza kuuliza habari za ng'ambo ya reli, aliingiwa na hofu. Aliniambia, mtoto amepatwa na nini, anaulizia msiba kwenye simu, tena simu zetu hizi zenye masikio. Akasema ukifika Kairo mwambie kwa mdomo."

"Nilimwuliza kwa ajili ya kazi," Muzammil akasema.

"Kazi gani hiyo ya kumlazimisha mama yako kusema uongo?"

Chai yake ilipoa pale pale ilipowekwa.

Ofisi ilifunguliwa Jumapili. Rufaa ilikuwa ifungwe Jumatatu. Muzammil alimkuta Bi. Mervat dirishani, akamwambia kwamba alichoandika juu ya Um Sidra si kweli, na kwamba kijana yule aliuawa. Bi. Mervat alizima sigara yake taratibu, akauliza amejuaje. Muzammil akasema mama yake mdogo amefika. Wakili akauliza, na kile chanzo cha kuaminika, mtu anayemwamini kuliko mtu yeyote duniani, kilikuwa nani?

Muzammil alitazama sakafu.

"Mama yangu."

"Ulimpigia mama yako."

"Ndiyo."

"Na huko kwenu mama anamwambia mtoto aliye mbali habari za kifo?"

"Hamwambii."

"Ulilijua hilo ulipopiga?"

Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Muzammil alisema alilijua, na maneno yake aliyasikia kwa lile sikio lililo zima kana kwamba ni ya mtu mwingine, mtu ambaye angemtoa jasho kwa maswali.

Bi. Mervat akakaa. Alikuwa na swali jingine, na hili ndilo lililomvunja. Wangapi? Mafaili mangapi aliyaandika hivyo, kwa kupiga simu kwao? Muzammil akaanza kuwakumbuka: mjomba wa Port Sudan, binamu wa Madani, mwanachuo mwenzake aliyebaki Dongola. Wote aliwapigia, wote walimwambia mji umetulia. Miaka yote ile aliandika juu ya nchi nzima iliyotulia, nchi isiyofiwa. Kama ungezisoma kurasa zake peke yake ungejiuliza kwa nini watu wanaikimbia.

Na mtu asidhani kosa hilo ni la Muzammil pekee. Ni ofisi ngapi duniani zinazofanya kimya kuwa ushahidi? Serikali inafunga magazeti, inazima mtandao, inaweka gari mbele ya nyumba ya msiba; kisha mtu aliyeponea hapo anavuka jangwa, na ng'ambo anaulizwa: mbona gazeti halikuandika? Aliyeua ndiye anayepewa nafasi ya kuamua kama kuna aliyekufa. Lakini Muzammil hakuwa na haki ya kujificha nyuma ya ofisi za dunia. Wengine wangeweza kusema hawakujua mila. Yeye alizaliwa ndani yake.

Bi. Mervat alitaka maelezo ya Ikhlas yaandikwe na yapigwe sahihi. Ikhlas, alipoulizwa, alisema yaandikwe yote aliyosema lakini jina lake liachwe, kwa kuwa macho yakipona anarudi kwake. Maelezo yasiyo na jina ni mepesi, wakili akasema; kwenye dirisha la ofisi ya rufaa watayapuuza. Kitakachobaki na uzito ni Muzammil mwenyewe kukiri kwamba uchunguzi wake wa kwanza ulikuwa batili, aeleze alivyokosea, aeleze mila hiyo, na aweke jina lake kamili.

"Ukiliweka," Bi. Mervat akasema, "kila faili uliloligusa litafunguliwa upya. Na mimi ndiye nitakayeyafungua. Sijui kama baada ya hapo nitakuwa na kiti chako hapa."

Akaketi akaandika. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuandika, kwa sababu hapakuwa na tanbihi. Aliandika: nilimwuliza mama yangu kwa simu, nami najua kwamba kwetu mama hasemi. Akaifuta sentensi hiyo, akaiandika tena vilevile.

Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Sulafa, na hapakuwa na wa kuifuata isipokuwa yeye. Alimkuta alasiri mtaa wa Ard el-Liwa, kwenye chumba cha chini cha jengo ambako Wasudani walikuwa wamefungua shule yao ya watoto. Alikuwa ubaoni, anafundisha kugawanya. Muzammil alisimama mlangoni na bahasha yake mpaka somo likaisha na watoto wakampita kwa kelele.

"Ramani," Sulafa akasema. Jina hilo alilisikia kule ofisini. "Umepotea njia?"

Muzammil hakujua aanzie wapi, akaanzia kwao. Alisema yeye ni mtoto wa Hajja Saadiya, wa nyumba za tangi la maji, Um Sidra.

Sulafa aliweka chaki chini. Alijifuta vumbi mikononi kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani, si ile aliyoitumia ofisini:

"Hajja Saadiya alikuja na chupa ya chai. Alikaa ubavuni mwa mama yangu mpaka jua likageuka, na lile gari liko mlangoni. Mwanamke mzima, magoti yanamwuma. Na wewe msiba nimekuletea mimi mwenyewe mpaka mezani kwako. Ulikuwa unyanyue mikono tu, hata usiponiamini. Ukashika kalamu."

Muzammil akaiweka bahasha kwenye dawati, akainua viganja vyake mbele ya kifua. Kwao mtu akikuinulia mikono hivyo, nawe unainua, hata kama ni adui yako. Mnasoma, mnajipangusa, mambo mengine yanasubiri. Sulafa aliitazama ile mikono. Yake aliikunja chini ya koti.

"Ishushe," akasema. "Lete hizo karatasi nisaini."

Alizisoma zote kabla ya kusaini, hasa ule ukurasa wa jina lake Muzammil, aliousoma mara mbili. Hakusema umeandikwa vizuri wala vibaya. Aliuliza dirisha linafunguliwa saa ngapi, akageuka kufuta ubao.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa imeuzunguka ukuta wa ofisi ya rufaa tangu mapema, watu wamejikunyata kwa baridi, wengine wameketi juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Bi. Mervat na Sulafa walisimama mbele kwenye dirisha. Muzammil alibaki upande wa pili wa barabara, kando ya kibanda cha maharage. Aliambiwa hahitajiki, ila alishindwa kukaa nyumbani.

Karani alikuwa kijana aliyevaa skafu iliyofungwa mpaka kidevuni. Alifungua faili, akasoma ukurasa wa juu, akarudia kuusoma, kisha akauliza kwa sauti iliyovuka barabara: kama ofisi yao wenyewe imeandika kwamba ilikosea, aliyekosea ni nani? Bi. Mervat akaweka kidole kwenye jina. Karani akasema jina analiona, yeye anataka mtu.

Sulafa akageuka. Alimtafuta kwa macho, akampata, akanyoosha mkono wote kumwelekea.

"Yule pale. Mtoto wa Hajja Saadiya."

Foleni nzima ikageuza vichwa. Walikuwamo aliowahoji yeye mwenyewe. Muzammil akavuka barabara mbele yao, akatoa kadi yake, akaipitisha chini ya kioo. Karani akalinganisha sura na picha, picha na jina, akavuta pedi ya wino, akapiga mhuri. Akachana kipande cha risiti, akakisukuma nje. Muzammil alikuwa karibu nacho zaidi, na mkono wake ulikwenda wenyewe kukichukua ampe, lakini Sulafa alikuwa amekwisha kukishika. Aliitazama tarehe, akakiingiza ndani ya koti upande wa kifua, akamshukuru Bi. Mervat, akaondoka akifuata ukuta, akiwasalimu watu wa foleni mmoja mmoja mpaka mwisho.